Muuza Kahawa Yuko Darini: Kutatua Hitilafu za Sauti Katika Sanaa ya Miwani ya VR

Bibi mmoja wa Mji Mkongwe alivaa miwani yetu ya VR (uhalisia pepe), akageuza kichwa huku na huku, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu muuza kahawa kapandaje darini?"

Kwa macho hapakuwa na kosa. Muuza kahawa alionekana barazani, kushoto kwake, birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili. Ila mlio wa vile vikombe anavyovigonganisha kuita wateja ulikuwa unashuka kutoka juu. Nilizima miwani na kuiwasha mara tatu, nikafuta lenzi, nikabadilisha kebo. Kumbe miwani ilikuwa nzima. Faili la sauti lilikuwa linasomwa kwa mpangilio wa chaneli usio wake, na dawa yake ilikuwa kubofya mara moja.

Siku hizi mgeni akilalamika, hata kama analalamikia picha, mimi naanza na sauti. Miwani humwonyesha mtu robo ya duara kwa wakati mmoja, au zaidi kidogo. Masikio yanapokea duara zima, pamoja na kilichoko nyuma ya kisogo. Sauti ikiwa mahali si pake mtu huhisi amedanganywa hata kabla hajajua ni nini kilichomkera, na kwa kuwa kitu anachokiona ni miwani, basi lawama zote huiangukia miwani.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu kazi za kawaida za maonyesho yetu: sauti iliyorekodiwa kwa maikrofoni ya pande zote (kama Zoom H3-VR yenye vinasa vinne), video ya nyuzi 360 au mandhari iliyojengwa kwa Unity (programu ya kutengeneza michezo na mandhari za kompyuta), miwani inayojitegemea kama Meta Quest 2 au 3, na hedfoni za kawaida.

## Kabla ya kugusa chochote: funguo

Kila unaporekodi, ukishabonyeza kitufe tu, mtu achukue shada la funguo, azunguke maikrofoni kwa umbali wa hatua mbili, azitikise na kutaja kwa sauti: "mbele", "kushoto", "nyuma", "kulia". Kisha ainue mkono aseme "juu". Amalizie kwa kupiga kofi moja mbele ya kamera. Kazi yote haifiki hata nusu dakika.

Kwa nini funguo, si ngoma? Kwa sababu sikio hutambua mwelekeo vizuri zaidi kwa milio mifupi yenye sauti nyembamba nyingi. Nyundo ya fundi wa majahazi utaijua iko wapi ukiwa umefumba macho. Mvumo wa jenereta huujui, unahisi tu kwamba upo.

Karibu kila dalili hapa chini utaipima kwa kusikiliza zile funguo huku umefumba macho. Kama kazi ni ya zamani na haina sauti ya funguo, tengeneza faili fupi la majaribio kwa maikrofoni ileile na upitishe kwenye njia ileile ya uhariri.

Jambo jingine la kwanza, na tafadhali usicheke: angalia kama hedfoni zimevaliwa upande sahihi. Mara nyingi hazijavaliwa sahihi, maana mgeni hupewa miwani kwanza, halafu hedfoni akiwa haoni kitu.

## Dalili: sauti inamfuata mgeni anapogeuza kichwa

Anageukia bahari, mawimbi nayo yanageuka naye. Ndilo lalamiko linalorudi kuliko yote.

Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni kwamba faili si la pande zote tena. Mahali fulani katika uhariri limeminywa likawa sterio. Tazama idadi ya chaneli: sauti ya ambisoniki, yaani sauti ya pande zote iliyohifadhiwa pamoja na mwelekeo wake, ikiwa ya daraja la kwanza lazima iwe na chaneli 4. Ukikuta 2, usihangaike na miwani, rudi kwenye mradi. Katika Reaper, programu ya kuhariri sauti, njia yenye rekodi na ile njia kuu zote zipangiwe chaneli 4, na wakati wa kutoa faili uchague 4 tena. Njia kuu ndiyo watu huisahau ikabaki na 2.

Inayofuata: chaneli zipo nne, lakini kichezeshi, ile programu inayocheza video, hakijaambiwa kwamba ni ambisoniki. Faili la video hubeba ndani yake maelezo madogo yanayosema "hii ni picha ya nyuzi 360, na hii ni sauti ya pande zote". Maelezo hayo yakikosekana, kichezeshi huchukulia chaneli nne kama chaneli nne tu. Mara nyingi hupotea unapobana video kwa programu ya pili ili ipungue ukubwa. Yaweke upya baada ya kubana, si kabla.

Kwa waliojenga mandhari kwa Unity, hali ni nyingine. Fungua chanzo cha sauti, tazama kitelezi kiitwacho Spatial Blend. Kikiwa 0, sauti haina mahali, kipeleke 1. Kisha tazama kama umechagua programu-jalizi ya sauti ya pande zote kwenye mipangilio ya mradi, na kama umeiruhusu kwenye kila chanzo. Mwisho, hakikisha kuna Audio Listener (sikio la mandhari) mmoja tu, naye awe kwenye kamera inayofuata kichwa. Kamera ya mwanzo ambayo Unity hukupa mradi unapoanza ina sikio lake, na ukisahau kuifuta, mgeni wako atakuwa anasikia kwa masikio ya kamera iliyosimama kona.

Na kuna wakati hilo si kosa. Msimulizi anapaswa kubaki ndani ya kichwa, vivyo hivyo muziki wa usuli ikiwa upo. Vitu hivyo huwekwa kwenye njia ya sterio peke yake, isiyofuata dunia. Ushauri wangu, punguza muziki. Nimeona kazi ambazo karakana nzima ya majahazi, na misumeno yake na watu wake wanaotaniana, imezikwa chini ya kinanda cha huzuni.

## Dalili: sauti iko mahali si pake

Hapa ndipo funguo hulipa gharama zake zote. Fumba macho, sikiliza, na ulinganishe:

Kushoto na kulia zimebadilishana, juu na chini ziko sawa. Hedfoni zimevaliwa kinyume. Ukizigeuza na kosa likabaki, shuku kebo au adapta.

Kushoto na kulia zimebadilishana, na juu imekuwa chini. Maikrofoni ilining'inizwa kichwa chini, na kifaa hakikuambiwa. H3-VR ina mpangilio wa mkao wake. Utazame kabla ya kurekodi. Ukishachelewa, geuza polariti (chanya iwe hasi, hasi iwe chanya) ya chaneli mbili, ile ya kushoto-kulia na ile ya juu-chini, na kila kitu kitarudi mahali pake.

Vyote vimezunguka kwa pembe ileile. Uso wa maikrofoni haukuelekea kulikoelekea kamera. Tumia kizungushi cha ambisoniki, zungusha hadi neno "mbele" litoke mbele ya picha. Usikadirie kwa sauti ya bahari, kwa sababu bahari iko kila mahali.

Cha mbele kinasikika kushoto, na cha kushoto kinasikika juu. Huyu ndiye muuza kahawa wangu. Ambisoniki ilianza kufanyiwa kazi Uingereza miaka ya 1970, Michael Gerzon akiwa mmoja wa waasisi wake, na tangu hapo imepata desturi mbili za kupanga chaneli. Desturi ya zamani, FuMa, inaanza na chaneli ya jumla (sauti yote bila mwelekeo), ikifuatwa na mbele-nyuma, kushoto-kulia, juu-chini. Desturi mpya, AmbiX, inaanza pia na ile ya jumla, kisha kushoto-kulia, juu-chini, mbele-nyuma. Faili la FuMa likisomwa kama AmbiX, ya mbele huangukia kushoto, ya kushoto hupanda dari, na ya juu hushuka mbele.

Cha kushoto kinasikika mbele, na cha mbele kinasikika juu. Kosa lilelile kinyumenyume: AmbiX imesomwa kama FuMa.

Kwa hali hizi mbili tumia kigeuzi, yaani programu ya kubadili desturi moja kuwa nyingine, usihamishe chaneli kwa mkono. Mpangilio si tofauti pekee: katika FuMa chaneli ya jumla imepunguzwa desibeli 3, na ukihamisha tu bila kurekebisha hilo, mwelekeo utakuwa sahihi lakini umelegea. YouTube hutaka AmbiX. Kama huna sababu nyingine, rekodi AmbiX tangu mwanzo.

Hakuna mwelekeo unaoshikika, sauti ni uji mtupu. Umerekodi sauti ghafi ya vinasa vinne, haijageuzwa kuwa ambisoniki. Ipitishe kwenye kigeuzi cha mtengenezaji wa maikrofoni hiyohiyo. Cha maikrofoni nyingine hakitafaa, kwa sababu vinasa havikai mahali pamoja.

Onyo moja la uhariri, na wengi huliona wakiwa wamechelewa. Chochote unachokifanya kwenye sauti ya ambisoniki, iwe kukata sauti nzito, kupandisha au kubana, kifanye sawasawa kwenye chaneli zote nne. Ukisafisha chaneli moja yenye kelele ukaziacha tatu, umeondoa kelele na mwelekeo pamoja. Programu nyingi za kuondoa kelele hushughulikia kila chaneli kivyake, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye funguo.

## Dalili: sauti imekwama ndani ya kichwa, au mbele na nyuma hazitofautiani

Mgeni anasema, "Nasikia yuko kulia, lakini sijui ni mbele au nyuma." Hajakosea. Sauti ya upande huwahi sikio moja kabla ya jingine, na tofauti hiyo hata ikiwa kubwa kabisa haizidi sana sehemu 7 za kumi za milisekunde. Mtu aliyesimama mbele-kulia na aliyesimama nyuma-kulia kwa pembe inayolingana huleta tofauti ileile. Kinachowatenganisha ni mikunjo ya sikio la nje, inayobadilisha sauti nyembamba kulingana na zinakotoka. Na masikio yako si yangu. Programu hutumia masikio ya mtu wa kati, ambaye huenda hafanani na yeyote kati yetu.

Kabla ya kulaumu masikio, pita haya. Kwanza, sauti ni kavu? Sauti isiyo na mwangwi wowote wa mahali huingia kichwani ikakaa humo. Ongeza mwangwi kidogo unaolingana na chumba kinachoonekana. Pili, sauti ni nzito mno? Ngoma peke yake haina cha kulipa sikio. Ichanganye na kitu chenye makali, kayamba kwa mfano. Tatu, tazama kama kompyuta au kichezeshi kimewashwa "sauti ya sinema" au madoido ya aina hiyo. Sauti iliyokwisha kupikwa kwa masikio mawili ikipikwa tena huharibika kabisa. Baada ya hapo ndipo ufikirie kubadilisha masikio ya programu. Steam Audio, kwa mfano, hupokea mafaili ya masikio ya aina ya SOFA, na unaweza kujaribu manne au matano ukachagua linalowafaa watu wengi.

Lakini kwa uzoefu wangu, dawa yenye nguvu kuliko zote ni kiti kinachozunguka. Mtu akigeuza kichwa, hata kidogo, utata wa mbele na nyuma huisha, kwa sababu sauti ya mbele na ya nyuma huhama kwa njia zinazopingana. Watu waliokaa kwenye benchi wakiogopa kujigeuza hawatausikia ufundi wako wote. Kiti cha ofisi kilichotumika kinafanya kazi kuliko wiki nzima ya kuchezea programu.

Jambo jingine ambalo miongozo ya kigeni haiandiki. Wageni wetu wengi huvaa kofia, kilemba au mtandio. Mtandio mwepesi chini ya hedfoni kubwa haudhuru sana. Kitambaa kinene hula sauti nyembamba, zilezile zinazobeba mwelekeo, na pengo linalobaki hupoteza besi. Usimwambie mtu avue. Kuwa na hedfoni zenye mito mikubwa, kuwa na pembe yenye pazia, na awepo mwanamke anayeweza kumsaidia mgeni wa kike kujivalisha mwenyewe kwa utulivu.

## Dalili: sauti na picha hazilingani

Swali ni moja: pengo linabaki vilevile, au linakua?

Likibaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, mshukiwa wa kwanza ni hedfoni za Bluetooth. Nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na nyundo inayogonga msumari huonyesha hilo bila huruma. Tumia waya. Quest 2 na Quest 3 zina tundu la milimita 3.5, Quest 3S haina, kwa hiyo ukinunua hiyo, panga adapta au utumie spika zake mwenyewe. Kama tayari unatumia waya, basi uliunganisha sauti na picha vibaya: tafuta lile kofi, sogeza mpaka mkono na mlio vikutane.

Likikua, ni hesabu. Video ya fremu 29.97 iliyotendewa kama ya fremu 30 huachana na sauti kwa sehemu moja ya elfu, yaani sekunde 0.6 katika dakika 10. Sauti ya 44.1 kHz iliyolazimishwa kuchezwa kama 48 itakwenda mbio na kupanda juu, msimulizi awe kama mtoto. Hiyo utaitambua mara moja. Panga mradi mzima 48 kHz, na fremu zilezile za kamera, kabla hujaingiza faili hata moja.

Saa za vifaa viwili tofauti huachana pia, lakini kwa kazi ya dakika kumi huwezi kuona. Kwa rekodi ya saa nzima, piga kofi mwanzo na mwisho.

## Dalili: mvumo, mikwaruzo, sauti inakatika

Mvumo usiobadilika, mzito, ni umeme wa mzunguko wa 50 Hz ukipita usipotakiwa. Hutokea zaidi unapotumia miksa na spika pamoja na hedfoni: kompyuta imechomekwa ukuta huu, spika ukuta ule, na kebo ya sauti imeziunganisha. Chomoa chaja ya kompyuta uiache iendeshwe na betri. Mvumo ukinyamaza, umepata. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja kwa kutumia kebo moja ya kurefusha. Ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Ni kidude kidogo, si ghali.

Usikate wala kuvunja pini ya ethi. Kuna ukumbi mmoja niliokuta hilo limefanyika kwa makusudi, na mvumo kweli ulikuwa umenyamaza. Nilipoweka mkono kwenye kompyuta na mwingine kwenye stendi ya maikrofoni nilihisi umeme. Mgeni aliyevaa miwani haoni anachogusa. Ukihisi kuchonyotwa hata kidogo, ukisikia harufu ya kuungua, au soketi ikiwa ya moto, kata umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni. Hapo hakuna cha kujaribu mwenyewe, na onyesho lisubiri.

Ukiwa kwenye jenereta, mvumo unaweza kupanda na kushuka. Endesha miwani kwa betri zake na kompyuta kwa yake, uache jenereta kwa taa na feni.

Mikwaruzo inayosikika pale tu sauti inapokuwa kubwa imetoka kwenye kurekodi: kiwango kilizidi. Haitengenezeki vizuri. Safari ijayo rekodi ukiacha nafasi, vilele vikifika takribani desibeli 12 chini ya kikomo. Adhana kutoka misikiti minne kwa pamoja, halafu kimya, halafu kunguru juu ya bati: ndiyo hali halisi ya hapa, na kiwango kilichopangwa wakati wa kimya kitapasuka.

Mtutumo kama wa ngoma iliyochanika ni upepo. Kaskazi na kusi zote hazina adabu kwa maikrofoni. Sponji ya kiwandani haitoshi ufukweni. Nunua koti la manyoya. Baada ya hapo kata sauti zilizo chini ya 80 Hz, kwenye chaneli zote nne.

Sauti inayokatikakatika karibu siku zote ni Wi-Fi. Weka faili ndani ya miwani yenyewe. Kama mandhari ni nzito na lazima itoke kwenye kompyuta, unganisha kompyuta na rauta kwa kebo, utumie masafa ya 5 GHz, na rauta iwe chumba kilekile. Kuta za mawe ya matumbawe za nyumba zetu hazipitishi kitu.

Na sauti kubwa mno ni hitilafu pia. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Mgeni anakaa dakika kumi. Kijana anayejaribu hedfoni kila mara anakaa siku nzima. Mtu akisikia mlio masikioni na usiondoke baada ya kupumzika, aende kwa daktari wa masikio.

## Dalili: kizunguzungu na kichefuchefu

Chanzo kikubwa ni mwendo. Macho yanaambiwa "unakwenda", mwili unajijua umekaa. Kamera iliyowekwa juu ya mashua inayoyumba itawaangusha wageni, kwanza wale walioamka bila kula. Weka kamera ufukweni, mashua ipite. Mwaka 1995 msanii wa Kanada, Char Davies, katika kazi yake Osmose, aliwapa wageni fulana inayopima pumzi: ukivuta pumzi unapanda, ukitoa unashuka, ukiegemea unageuka. Mwendo wote ulianzia mwilini. Sijaona hoja bora zaidi dhidi ya kumpa mgeni kitufe cha kumsukuma mbele.

Baadaye tazama fremu zinazochorwa na miwani yenyewe, si zile za video. Chini ya 72 kwa sekunde kwenye Quest, wengi wataugua. Punguza michoro kabla ya kupunguza sauti. Kisha umbali kati ya lenzi mbili: Quest 2 ina nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68, na hubaki pale alipoiacha mgeni aliyetangulia.

Sauti nayo ina sehemu yake. Besi nzito inayotikisa bila chanzo kinachoonekana huongeza wasiwasi, naipunguza. Na huwa naacha sauti moja thabiti, isiyohama, upande mmoja, chemchemi au redio ya jirani, mtu apate pa kushikilia. Feni ya kweli inayopuliza kutoka mbele hufanya kazi hiyohiyo, na chumba chenyewe kinapoa.

Mvue mgeni miwani mara moja akianza kutoka jasho baridi, akinyamaza ghafla, au misuli ikimcheza. Usimwambie avumilie dakika mbili zilizobaki. Onyo la watengenezaji linataja takribani mtu 1 kati ya 4,000 anayeweza kupata degedege au kupoteza fahamu kwa sababu ya mwanga na mandhari za aina hii. Likitokea, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu mdomoni, ita msaada wa tiba. Mwenye kifafa, au kifaa cha moyo, aulize daktari wake kwanza. Meta hairuhusu watoto walio chini ya miaka 10.

## Dalili: dunia inateleza, miwani inapoteza mahali ilipo

Kamera za miwani zinahitaji mwanga na alama za kushika. Sisi wasanii tunapenda giza, na kuta za hapa zimepakwa chokaa nyeupe isiyo na doa. Miwani haina cha kuangalia. Tundika kanga ukutani, za sampuli tofauti, wala si doti moja iliyorudiwa. Giza ukilitaka kweli, taa ya infraredi huisaidia miwani bila mgeni kuiona. Funika vioo.

Jua ni jambo jingine. Lenzi zikielekea jua kupitia dirishani, hata kwa muda mfupi, huchoma skrini, na doa lile halitoki. Ziweke zikitazama chini.

## Joto, chumvi na usiku

Miwani ikionyesha onyo la joto, ipumzishe kivulini, usiiweke kwenye friji. Betri iliyovimba, au ganda lililoanza kuachana, usiichaji tena na usiibonyeze. Iweke nje mbali na vitu vinavyowaka, umpelekee fundi wa vifaa hivyo. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu bila spiriti. Mto wa uso hubadilishwa kati ya mgeni na mgeni, na mwenye macho mekundu asubiri siku nyingine.

Hewa ya pwani hula plagi za hedfoni kimyakimya. Mkwaruzo unaokuja ukizungusha plagi ni kutu changa. Usiku rudisha kila kitu kwenye sanduku linalofunga vizuri. Kwenye la maikrofoni weka vifuko vya kukausha unyevu, koti la manyoya likiwa limekauka, na lile shada la funguo.